Mtwara au Lindi? Kwa mwenye siku nne, tumbo na hamu ya kutoka nje ya mji

Wifi yangu anakaa Tabata, Dar es Salaam, na kila ikikaribia likizo ya Juni hunipigia simu na swali lilelile: "Wifi, mwaka huu nije kwako Mtwara au nishukie kwenu Lindi?" Mimi nimezaliwa Lindi nikaolewa Mtwara, kwa hiyo jibu langu lolote lina mtu wa kununa. Safari hii naliandika, wasome na wengine wanaouliza, na shangazi zangu wa Lindi wakitaka kununa wanune mara moja tu.

Msimamo wangu nautoa mapema. Chagua kwanza safari ya nje ya mji ambayo hutaki kuikosa, halafu ulale kwenye mji ulio karibu nayo. Samaki wa nazi utamla kote, upepo wa bahari utaupata kote. Ila umbali wa huku Kusini unadanganya. Lindi na Mtwara zimeachana kilomita mia moja na kidogo za lami, kosta inakufikisha kwa saa mbili hivi, na mgeni akiangalia ramani anasema, "Kumbe ni hapo tu, tutafanya zote." Tatizo ni kwamba mambo mazuri ya kutazama hayakai kando ya hiyo lami. Yako mwisho wa njia za mchanga, juu ya milima ya udongo mwekundu, au ng'ambo ya maji. Niliwahi kupokea wageni wenye siku tatu waliotaka vyote. Tulifika Msimbati maji yameshakupwa, Lindi tukaingia usiku watu wamefunga biashara, na kesho yake alfajiri tukawa tunakimbilia basi. Picha nyingi walizorudi nazo Dar zilikuwa za dirisha la gari.

Kufika

Kwa basi kutoka Dar, Lindi ni kama kilomita 450 na Mtwara ni kama 560. Wengi hupandia Mbagala Rangi Tatu alfajiri, na kwa Mtwara hesabu siku nzima imekwenda. Daraja la Mkapa pale Rufiji, lililofunguliwa 2003, ndilo lililotutoa kwenye kulala njiani kusubiri kivuko, na walioijua ile foleni hawalalamiki kuhusu saa kumi za basi. Mvua kubwa bado ina neno lake lakini: Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakakwama pande zote mbili. Huku tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Anayetaka kutembea nje ya mji aje Juni hadi Oktoba.

Somanga kwenyewe usipapite ukiwa umelala. Basi likisimama, madirisha yote yanajaa mabeseni ya samaki wa kukaanga. Chagua aliye mkavu na anayenukia ndimu, mwache anayeng'aa mafuta.

Wanaopanda ndege hutua Mtwara, ni safari ya kama saa moja. Ukiwa na wazee au mtoto mchanga, hapo Mtwara imeshapata alama yake ya kwanza.

Miji yenyewe

Mtwara ni mji uliochorwa kwa matumaini makubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walikuja na mpango wao wa karanga kule Nachingwea, wakajenga bandari ya maji ya kina na reli ya kuleta mzigo. Karanga ziligoma, mpango ukafutwa 1951, reli nayo ikaachwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ilibaki, na zikabaki barabara pana zenye nafasi kati ya kila kitu na kingine. Mgeni anayedhani atatembea kwa miguu kutoka Shangani ufukweni hadi Soko Kuu, kisha Majengo, atachoka kabla ya saa nne asubuhi. Tenga hela ya bajaji. Gesi ilipopamba moto miaka ya 2010 zilijengwa hoteli na nyumba za wageni za kila kiwango, nyingine sasa zina vyumba vitupu, na hiyo ni habari njema kwa anayejua kuongea bei. Wenyeji husema "Mtwara Kuchele", yaani kumekucha. Kweli, mji huu una uchangamfu ambao Lindi hauna.

Lindi ni mtu mzima aliyekaa barazani. Karne ya 19 misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliteremkia hapa na pembe na watumwa. Baadaye mji ukawa makao makuu ya Jimbo la Kusini, mpaka ofisi zilipohamishiwa Mtwara. Ukitaka kumchokoza mzee wa Lindi, litaje hilo. Mji umebanwa kati ya vilima na ghuba ambamo Mto Lukuledi unamwaga maji, na asubuhi moja inakutosha kuuzunguka wote kwa miguu: maduka ya zamani ya Wahindi yenye roshani, kuta za enzi za Mjerumani zilizoota miti, misikiti, watu wakinywa kahawa. Wapo wanaosema umechakaa, nami siwapingi. Watu wamesubiri kiwanda cha gesi cha Likong'o miaka na miaka, na huku wakisubiri mji umebaki na utulivu ambao kwingine pwani umeshauzwa. Neno lindi kwa Kiswahili ni shimo refu, na watani wetu wa Mtwara hawachoki kutukumbusha.

Jambo moja la Lindi nalipenda kuliko yote ya mjini Mtwara: kuvuka kwenda Kitunda. Ni maji kidogo tu, unavuka na wanafunzi, baiskeli na kuku, unashuka kwenye minazi, halafu unageuka kuutazama mji ukiwa umeegemea vilima vyake. Nenda mapema, jua likiwa linaupiga mji usoni. Haina kiingilio na haihitaji mtu wa kukuongoza.

Mtwara nayo ina Mikindani, kama kilomita kumi kutoka mjini, daladala zinakwenda. Wenye haki watasema Mikindani si Mtwara, ni mji wa kale kabla Mtwara haijafikiriwa, na ni kweli. Boma la Mjerumani la 1895 lilikarabatiwa likawa hoteli, na hata usipolala humo unaweza kupanda juu kuiona ghuba ilivyojikunja kama bakuli. Vichochoro vina milango ya nakshi, mingine imeanza kulika. Livingstone alipita hapa 1866 akianza safari yake ya mwisho bara. Mimi huwaambia wageni wasiharakishe kumtafuta Livingstone. Wakae gatini jioni wavuvi wakirudi, ndipo watauona mji. Pale mjini Mtwara, ukiwa Majengo, ingia Kanisa la Mtakatifu Paulo uone kuta zilivyojaa michoro ya Biblia ya padre Mbenediktini Polycarp Uehlein. Jirani yangu Mwislamu ndiye aliyenipeleka mara ya kwanza, na rangi za zile kuta nilikaa nazo kichwani wiki nzima.

Kula

Hapa ndipo ugomvi ulipo, basi nitakaa kidogo.

Asubuhi miji yote miwili inakula sawa: mbaazi za nazi kwa chapati au maandazi, vitumbua, chai ya tangawizi. Mbaazi ni zao la huku, kwa hiyo hazipikwi kwa ubahili. Tafuta mama ambaye sufuria lake limezungukwa na watu wa bodaboda na ukae hapohapo. Barabarani utaona sinia za ming'oko, vizizi vyembamba vinavyochimbwa porini na kuchemshwa na maganda yake. Unamenya kwa vidole, unachovya kwenye chumvi na pilipili. Mtoto wa Dar ataonja kimoja kwa mashaka, kisha atamaliza fungu. Kwa ming'oko sioni tofauti ya Lindi na Mtwara, ingawa mume wangu ana maoni yake.

Kwa samaki, Lindi inashinda, na hili nalisema nikiwa nimekaa Mtwara. Sababu yangu ni chukuchuku: samaki wa alfajiri, maji, chumvi, ndimu, pilipili mbuzi, kitunguu kidogo, basi. Hakuna nyanya ya kopo wala viungo vya kuficha umri wa samaki. Lindi mgahawa mdogo wa sokoni utakupikia hivyo bila kushangaa, pamoja na wali wa nazi au ugali wa muhogo. Mtwara ukiagiza samaki mara nyingi utaletewa wa kukaanga na chipsi, mpaka useme mwenyewe unachotaka. Dawa ya Mtwara ni kwenda soko la samaki la Feri asubuhi, kununua changu au ngisi wako, na kuwapa wanaokaanga na kuchoma pale pale. Nenda na mwenyeji mara ya kwanza. Bei ya kwanza unayotajiwa ni salamu tu.

Kwa aina za vyakula, Mtwara inashinda bila ubishi. Jioni kuna mishikaki, pweza wa kuchoma, kuku, pilau, biriani za Ijumaa, na watoto wasiopenda samaki hawatalala njaa. Lindi ikifika saa mbili usiku umechelewa. Utaangukia chipsi mayai na kuzila kwa hasira. Ukiwa Lindi, kula chakula chako kikubwa mchana, na jioni jipatie kitu chepesi, kashata za ufuta kwa mfano, maana ufuta ni dhahabu ya mkoa ule.

Ukipanda kwenda Newala au Masasi utasikia habari za samaki nchanga, na utagundua baadaye kwamba samaki huyo hana mapezi. Ni panya wa shambani, anayetegwa, anayekaushwa na kuchomwa, na kwa wanaomla ni kitoweo cha heshima. Usicheke mezani kwa watu. Ukitaka onja, usipotaka sema umeshiba.

Korosho ziko kote, na msimu wa mavuno ni Oktoba hadi Desemba hivi. Ukija wakati huo utakuta mabibo mekundu na ya njano chini ya kila mti, na uraka, pombe inayotengenezwa kwa maji yake. Uraka ni mtamu, unateleza, na miguu hupata habari ukishasimama. Wanaouchemsha ukawa gongo wana kesi na serikali, wewe usiwemo.

Kama safari yako inaangukia Ramadhani, ujue hii ni nchi ya watu wanaofunga. Mchana migahawa mingi imefungwa. Ila futari ya huku, ya mihogo ya nazi, tambi, na uji wa pilipili manga, nisingemzuia mtu kuja kwa ajili yake peke yake.

Nje ya mji, upande wa Mtwara

Msimbati ndiyo sababu kubwa ya kulala Mtwara. Ni kama kilomita 40 na zaidi, unapita Madimba penye mitambo ya gesi, kisha njia inakuwa mchanga na minazi. Uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kuna kiingilio, na Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, basi usiache kitambulisho nyumbani. Ufukwe ni mweupe na mrefu, na bahari inashuka ghafla hatua chache tu kutoka mchangani, kwa hiyo watoto waangaliwe. Matumbawe yapo, mikoko ipo, na kati ya Julai na Novemba nyangumi hupita pwani hii. Wavuvi huwaona mara nyingi kuliko watalii. Kabla ya kukodi gari, muulize mvuvi yeyote maji yanajaa saa ngapi. Ukifika yamekupwa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, utafukuzana na bahari. Beba maji ya kunywa na chakula. Huko kuna vibanda lakini usivitegemee na watoto wanne.

Newala ni safari ya aina nyingine. Unapanda Uwanda wa Makonde, hewa inapoa, na ukifika ukingoni panapoitwa Shimo la Mungu ardhi inakatika mbele yako: chini kabisa bonde la Ruvuma, ng'ambo Msumbiji. Nimepeleka watu walioongea njia nzima wakanyamaza pale. Ila ni safari ndefu, na barabara imekuwa kwenye ujenzi kwa vipande vipande. Uliza hali yake, na ikiwezekana ulale Newala usiku mmoja. Wanaotafuta vinyago vya Kimakonde waulize wachongaji huku huku juu, mpingo wa kweli wanautambua kwa uzito.

Nje ya mji, upande wa Lindi

Lindi ni ya watu wa misitu na watu wa mambo ya kale, na inadai subira zaidi.

Rondo kwanza. Unapanda kutoka bonde la Lukuledi hadi uwanda unaokaribia mita 900, ukiacha joto la pwani chini. Juu kuna msitu wa asili uliohifadhiwa na shamba la miti la serikali, na ndani ya msitu anaishi komba mdogo anayeitwa kwa jina la Rondo, mmoja wa wanyama jamii ya nyani walio hatarini kutoweka. Ni mdogo kiasi cha kukaa kiganjani na hutoka usiku, hivyo uwezekano mkubwa ni kwamba utamsikia tu. Jitambulishe kwa wahifadhi kabla ya kuingia. Asiye na siku nzima kwa Rondo aende Rutamba, kwenye ziwa na msitu wa Litipo: ndege wengi, njia fupi, na unarudi Lindi kabla ya jua kuzama.

Halafu Tendaguru, na hapa nawaomba radhi wanaotangaza vivutio, kwa sababu nitasema ukweli. Ni kilima kaskazini-magharibi mwa Lindi, kiasi cha kilomita 60, ambako kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua mifupa ya dinosaria. Mamia ya watu wetu walichimba, na wapagazi walibeba zaidi ya tani 200 kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Msimamizi aliyetegemewa zaidi kwenye machimbo alikuwa Boheti bin Amrani, jina ambalo shuleni Lindi sikulisikia hata mara moja. Yule "mjusi mkubwa" mwenyewe, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimama kwenye makumbusho Berlin. Kwa hiyo ukifika Tendaguru utaona vichaka, mashimo ya zamani na nyasi. Mtoto aliyeahidiwa dinosaria atalia. Lakini mtu mzima anayeijua hadithi, akiwa na mwenyeji wa kijijini na gari la juu wakati wa kiangazi, atakaa pale kimya akijaribu kuwaza foleni ile ya watu na mifupa. Mimi nilikwenda mara moja na nitakwenda tena. Wifi yangu alikwenda mara moja na hataki kusikia.

Njiani kaskazini utapita Mchinga. Wengi huku watakuapia kwamba neno machinga limetoka kwa Wamachinga wa pande hizi, vijana waliokwenda Dar na bidhaa mikononi.

Kilwa nayo? Iko ndani ya Mkoa wa Lindi, na ndiyo maana watu huiweka kwenye orodha ya "safari za karibu na Lindi". Karibu ya wapi? Kutoka Lindi hadi Nangurukuru peke yake ni zaidi ya kilomita 150, kisha unakata kwenda Kilwa Masoko, unatafuta kibali, unapanda jahazi au boti kuvuka Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, magofu ya mji ambao Ibn Battuta aliufikia 1331, Urithi wa Dunia tangu 1981, havitazamwi kwa kuangalia saa. Ilale Kilwa usiku mmoja ukiwa njiani kuja au kurudi Dar. Ukifanya hivyo, Lindi inakuwa kituo chako cha pili kwa raha kabisa, na hii ndiyo njia pekee ambayo mimi humruhusu mtu kugusa sehemu mbili kwa siku nne.

Basi wewe ni nani?

Familia yenye watoto wadogo, wazee, au watu wanaotaka bahari ya kuogelea na chakula cha kila aina: Mtwara, siku moja Mikindani, siku moja Msimbati, iliyobaki mpumzike. Wawili wasio na haraka, wanaopenda kula samaki mmoja yuleyule kila siku na kutembea mitaani bila mpango: Lindi, na Rondo au Rutamba. Mwanafunzi mwenye begi na hela kidogo: Lindi pia, kwa sababu ya miguu yake, na ashuke Kilwa njiani. Ila asije Lindi wiki ya Nanenane bila kuwa na chumba. Maonyesho yanapofanyika viwanja vya Ngongo, hata ndugu zangu hunikosesha nafasi.

Mwaka huu wifi ana siku nne, watoto wawili na mama mkwe wangu mwenye magoti mabovu. Nimemwambia Mtwara, na hakubisha. Aliuliza tu kama nitampikia chukuchuku ya kwetu Lindi, nikamwambia atoke kitandani saa kumi na moja twende Feri pamoja.

Zawadi za kurudi nazo ni korosho, na kwa anayezijua, ng'onda, yaani samaki waliopasuliwa na kukaushwa. Ng'onda funga mifuko mitatu, moja ndani ya nyingine. Safari iliyopita wifi alifunga mmoja, na kuanzia Nangurukuru basi zima lilikuwa linamtafuta mwenye mzigo.